Hii Chupa Tupu ya Pafyumu Imeona Mengi Kuliko Babu Yako: Manukato ya Urusi ya Kisovieti na Watu Wanaoyasaka

Wadau, kuna watu wanaamka alfajiri kwenye baridi ya kugandisha masikio, wanakwenda kwenye magulio ya Izmailovo pale Moscow au Udelnaya kule Saint Petersburg, kusaka chupa tupu. Si za soda. Ni chupa za pafyumu za miaka ya 1920 na 1930, maboksi ya poda yasiyo na poda, makopo ya unga wa kusugulia meno. Jaribu kuitupa moja mbele yao uone kama hamjagombana.

Mwanzoni nilicheka. Halafu nikaona dubu.

Kulikuwa na odikoloni iliyoitwa Severny, yaani "ya Kaskazini". Chupa yake ina umbo la mlima wa barafu, kioo chake kimejaa nyufa za makusudi kama barafu inayopasuka, na juu kabisa amesimama dubu mweupe. Ukimwondoa dubu, manukato yanatoka. Watafiti wa sanaa wanasema aliyeibuni ni Kazimir Malevich, yule yule wa mraba mweusi wa 1915 ambao watu hadi leo wanauliza "hii nayo ni sanaa?" Aliibuni kabla ya mapinduzi, na chupa ikaendelea kutengenezwa kwa miongo mingi chini ya Wasovieti, bila jina lake popote. Yaani bibi wa watu anajipaka zake odikoloni asubuhi, kazi ya msanii mkubwa iko mezani pembeni ya kitana, na hajui. Na serikali hiyo hiyo picha zake ilizifungia stoo.

Sasa twende nyuma kidogo. Mwaka 1864 Mfaransa mmoja, Henri Brocard, alianza kutengeneza sabuni Moscow kwa mtaji mdogo. Jamaa alikuwa na akili ya biashara si mchezo. Alitoa sabuni ya watoto yenye herufi za alfabeti, na nyingine ya kopeki moja tu ili hata mkulima anunue. Mwaka 1882, kwenye maonyesho makubwa ya Moscow, akaweka chemchemi inayomwaga odikoloni badala ya maji. Watu wakachovya leso, wengine wakachovya makoti kabisa! Na mwenyewe alikuwa mkusanyaji wa vitu vya kale wa kiwango cha juu, kwa hiyo hawa wa magulioni wana babu yao.

Brocard alifariki 1900. Mapinduzi ya 1917 yakaja, kiwanda kikataifishwa, familia ikapoteza kila kitu pale Moscow. Kiwanda kikapewa jina la kijeshi jeshi hivi, Kiwanda cha Sabuni na Manukato Namba 5 cha Zamoskvorechye. Hapana, hiyo 5 haihusiani na Chanel, tutafika huko. Mwaka 1922 kikabatizwa Novaya Zarya, "Alfajiri Mpya".

Hapa ndipo pananoga kwa wakusanyaji. Serikali mpya ilisema ubepari umekufa, lakini wateja walikuwa wanaijua pafyumu ya Brocard tu. Wakafanyaje? Lebo za miaka ile ya 1920 zikaandikwa jina jipya, halafu pembeni kwa herufi ndogo: "zamani Brocard". Unamfukuza mwenye duka halafu unabakiza kibao chake mlangoni. Chupa yenye lebo ya namna hiyo inapendwa sana, maana kipindi chenyewe kilikuwa kifupi.

Na wakusanyaji wanajuaje umri wa chupa wakati wauzaji karibu wote wanadai "hii ni ya miaka ya ishirini"? Wanasoma lebo kama polisi wa trafiki anavyosoma leseni. Mwaka 1918 tahajia ya Kirusi ilibadilishwa. Kabla ya hapo, neno lililoishia na konsonanti liliwekewa alama ъ mwishoni. Ukiiona imekaa hivyo, chupa ni ya zama za mfalme, au mtu amekutengenezea. Mji nao unasema: Petrograd ni 1914 hadi 1924, Leningrad ni baada ya hapo. Kama lebo imeandika Leningrad halafu muuzaji anakuapia ni ya 1920, mwachie chupa yake. USSR yenyewe ilizaliwa Desemba 1922. Na ukikuta ile alama ya ubora yenye pembe tano, ondoka taratibu, hiyo ilianza 1967. Wengi wanapigwa hapo hapo, hasa kwenye Krasnaya Moskva, "Moscow Nyekundu", kwa sababu imetengenezwa miaka mingi mno na jina bado liko sokoni.

Hiyo Krasnaya Moskva ndiyo yenye kesi. Inahesabiwa kuwa ilitoka 1925, na mizizi yake inarudishwa kwenye manukato ya 1913, yaliyotengenezwa kwa heshima ya miaka 300 ya ukoo wa kifalme wa Romanov. Aliyeunda ya Kisovieti ni Auguste Michel, Mfaransa wa kiwanda cha Brocard aliyebaki Urusi wakati wenzake wanakimbia. Mwenzake wa fani, Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow aliyefanya kazi kwa washindani wao, kampuni ya Rallet, yeye aliondoka. Akafika Ufaransa, na 1921 akampa Coco Chanel ile No. 5. Mwanahistoria Karl Schlögel ameandika kitabu kizima kuhusu hizi pafyumu mbili. Shule moja, mji mmoja, halafu mmoja akawa staa wa dunia. Michel? Baada ya miaka ya 1930 habari zake zinapotea. Pafyumu yake ikawa zawadi ya kila mama kwenye Siku ya Wanawake, na wengi walioipokea hawakuwahi kusikia jina lake.

Ukibahatika kuinusa, kuna harufu ya ua la mnanaa... hapana, nimekosea, ni karnesheni. Kwa sisi wa pwani ni rahisi kuielewa: iko jirani kabisa na karafuu, kwa sababu zote zina kemikali inayoitwa eujenoli.

Halafu kuna maboksi yenye herufi TEZhE, jina la shirika la serikali lililosimamia viwanda vya vipodozi. Miaka ya 1930 lilikuwa kila mahali: poda, rangi ya mdomo, sabuni. Bosi wake kuanzia 1932 hadi 1936 alikuwa mwanamke, Polina Zhemchuzhina, ambaye kabla ya hapo aliongoza Novaya Zarya. Jina lake la ukoo maana yake ni "lulu". Alikuwa mke wa Molotov, mtu wa karibu wa Stalin. Alipanda hadi kuwa waziri wa uvuvi mwaka 1939. Januari 1949 akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Kazakhstan. Mumewe alikuwa ameshaachana naye kwa shinikizo, na akaendelea kukaa kwenye vikao vya yule yule aliyemfunga mkewe. Stalin alipokufa Machi 1953 ndipo aliachiwa, wakarudiana. Aisee. Mimi boksi la poda la TEZhE siwezi tena kulitazama kama boksi la poda.

Kwa uzuri tu, mimi nachagua Krasny Mak, "Mpopi Mwekundu", iliyopewa jina la baleti iliyoonyeshwa Bolshoi 1927, hadithi inayotokea kwenye bandari ya China. Boksi lina nakshi za Kichina na kishada chekundu cha hariri. Mwaka 1957 baleti ikabadilishwa jina ikawa "Ua Jekundu", kwa sababu mpopi uliwakumbusha Wachina kasumba.

Kitu ambacho wageni hawajui: karatasi ni adimu kuliko kioo. Chupa ilioshwa, ikawekwa mafuta ya taa au dawa ya kikohozi, ikaishi. Boksi lilitupwa siku ile ile. Kwa hiyo boksi lililochakaa, lenye bei ya kopeki bado inasomeka, linaweza kuishinda chupa inayong'aa. Na kamwe usioshe lebo ili ipendeze.

Wanabishana pia kuhusu kilichobaki ndani. Wengine wanamwaga, wanasema kitachafua kioo. Wengine hawagusi. Chupa nyingi zina vidole viwili hivi chini, rangi ya chai ya rangi, maana mwenyewe alikuwa anaitunzia siku kubwa. Ukifungua, harufu nyepesi za juu zimeshakufa zamani. Inayobaki ni ile nzito ya chini, imekaa inasubiri.