Chama, Matuta na Ngitili

Ndugu mkulima wa Mwamapalala, habari ya ngitili huhitaji kufundishwa na Bwana Shamba. Ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, ndama na ng'ombe dhaifu wapate majani. Lakini je, unajua siasa iliingiaje humo? Haya, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wake wa maendeleo Usukumani. Watu walilazimishwa kulima kwa matuta na kupunguza ng'ombe, na aliyekaidi alitozwa faini. Matuta yenyewe hayakuwa na ubaya, hata leo yanashika maji. Kilichouma ni kuamriwa.

TANU ilipozaliwa Julai 1954 iliyakuta manung'uniko hayo vijijini, ikayabeba. Msimamo wake juu ya ardhi huku kwetu ulitoka hapo, kwa mfugaji na mlima pamba, wala haukutoka kwa wataalamu wa udongo. Wakoloni wakaona hatari, wakazuia matawi yake Usukumani hadi 1958.

Basi, uhuru ukaja 1961. Amri zikafa, na matuta mengi yakafa nazo. Mashamba ya pamba yakapanuka, miti ikapungua.

Tena tusifichane: mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, chama kile kile kilichopinga amri kikatoa amri. Watu wakahamishwa, ngitili zikabaki mbali bila mlinzi. Nyingi zikalimwa, nyingine zikakatwa kuni.

Mwaka 1986, chini ya CCM, ikaanza Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu ilizaliwa 2012. Mwanzoni HASHI ilisisitiza miche ya kupandwa. Baadaye maofisa wakawasikiliza wazee, wakairudia ngitili. Kufikia miaka ya 2000 mwanzoni, ngitili za mkoa ule zilipita hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mwenye kuingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa faini. Ndiyo, faini tena! Ila hii ilipangwa na dagashida, wanakijiji wenyewe.

Tangu 1992 vyama ni vingi, kila kimoja na ilani yake. Akija mgombea, muulize ngitili imo ukurasa wa ngapi, na faini itapangwa na nani.