Gari la Mseto Katika Nchi ya Theluji

Januari ya mwaka 2016, hapa Winnipeg, Kanada, gari letu la zamani lilikataa kuwaka. Baridi ilikuwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Mke wangu, aliyetoka kazi ya usiku katika nyumba ya wazee, alinisubiri nje mpaka vidole vikafa ganzi. Jioni ile tulizitoa fedha tulizokuwa tukiweka kwa ajili ya nauli ya kwenda Tanga kumwona mama yangu, tukanunua gari jingine.

Muuzaji alitusifia gari la mseto, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Litakula mafuta nusu ya lile la zamani, alisema, na nauli yenu itarudi katika mwaka mmoja. Mwezi wa pili nilipiga hesabu ya petroli. Akiba ilikuwa ndogo mno.

"Baba Asha, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia," mke wangu akasema.

Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nikaanza kusoma jinsi chombo hiki kilivyoundwa.

Wengi hudhani gari la mseto lilizaliwa mwaka 1997, Toyota ilipoanza kuuza Prius huko Japani. Kumbe wazo hilo ni kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 kijana Ferdinand Porsche, akifanya kazi na kiwanda cha Lohner mjini Vienna, aliunda gari ambalo injini yake ya petroli ilizalisha umeme, nao umeme ukazungusha mota zilizofungwa kwenye magurudumu. Lilikuwa zito na ghali, na magari ya petroli tupu yakalishinda.

Hata hivyo, petroli haikuweza kuishi bila umeme. Mwaka 1912 Cadillac ilifunga stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, badala ya kuzungusha injini kwa mkono. Mwaka 1949 Andrew Freeman wa North Dakota, jirani zetu wa kusini, alipewa hataza ya hita ya umeme ya kupasha injini. Ndiyo maana hapa magari ya petroli huning'iniza waya mbele, na usiku huchomekwa kwenye soketi.

Siri ya hasara yangu ilikuwa joto. Injini hutupa sehemu kubwa ya nguvu ya petroli kama joto. Tanga joto hilo ni adha. Winnipeg ndilo linalowapasha abiria. Gari la mseto hubana mafuta kwa kuzima injini, lakini injini ikizimwa, hita nayo hupoa. Basi wakati wa baridi injini huwashwa tena hata gari likiwa limesimama kwenye taa, na betri iliyopoa hutoa umeme kwa uvivu. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba, kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, gari la petroli mjini hupoteza asilimia 15 hivi ya ufanisi wake. La mseto hupoteza asilimia 30 hadi 34. Nasi safari zetu zilikuwa za dakika 10.

Waundaji walilijua hilo. Prius ya 2004 iliyouzwa Amerika Kaskazini ilibeba kitu mfano wa chupa ya chai, kilichotunza maji ya moto ya injini hadi siku 3. Ile ya 2010 ilivuna joto la moshi.

Tukanunua matairi ya theluji, tukafunga hita ya injini, tukaunganisha safari. Kiangazi akiba ilionekana. Na gari halikukataa kuwaka hata asubuhi moja.

Nauli ilirudi mwaka 2019. Mama alikuwa hai, ila macho yake hayakuona tena. Alimshika mke wangu vidole, akauliza kama huko bado ni baridi.

Ndugu msomaji, ukinunua gari la nchi ya theluji, usiulize tu linakula mafuta kiasi gani. Uliza pia joto litatoka wapi.