Kitanda Hakizai Haramu

Ukitoka Ifakara mjini kuelekea Ulanga unafika Kivukoni. Siku hizi unapita juu ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018, na huna sababu ya kusimama. Kabla ya hapo ilikuwa lazima usimame. Gari lililochelewa jioni lililala ng'ambo ya huku, na Mto Kilombero ulipofurika, subira ilikuwa ndefu zaidi. Januari 2016 kivuko chenyewe kilizama na abiria na magari yake.

Penye watu wanaosubiri pana watu wanaouza. Pana chai, wali, samaki, pombe na chumba cha kulala. Na pana wanawake wanaouza miili yao, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja mbele ya wakwe. Hawapo Kivukoni peke yake, wapo kila penye kituo cha malori na kila penye mshahara wa vibarua. Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu wao, hasa katika jambo moja tunalolisahau: nao hupata mimba, nao huzaa, nao ni mama.

Bonde la Kilombero limekuwa bonde la kambi kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilianzishwa kiwanda cha sukari upande wa Kidatu, na miwa ikahitaji wakataji. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Ifakara na Mlimba kabla ya kupanda kwenda Makambako. Mwaka 1975 bwawa la Kidatu likaanza kutoa umeme. Kazi zote hizo zilikusanya wanaume kwa maelfu, wengi wao wameacha wake nyumbani, na mfukoni wana fedha taslimu. Vitabu vimetupa hesabu ya kilomita, ya mahandaki na ya tani za sukari. Mwanamke aliyewapikia, akawauzia pombe na wakati mwingine akawapa na kitanda, huyo si rahisi kumkuta katika hesabu.

Wenzetu wa Nairobi walibahatika kupata mtu wa kuuliza. Mwanahistoria Luise White alizungumza na wazee wa kike wa mitaa kama Pumwani, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu yao. Alikuta kwamba enzi za ukoloni wanawake hao hawakuwa wazembe waliopotea njia. Walikuwa watu wa kazi. Wapo waliopeleka fedha nyumbani kuokoa jamaa zao waliofilisika, na wapo waliojenga nyumba zao wenyewe mjini. Vibarua aliowalipa mkoloni mshahara wa mtu mmoja asiye na familia, walipata kwa wanawake hao chakula, maji ya kuoga na mahali pa kupumzika. Kwa maneno mengine, uchumi wa mkoloni uliwategemea, na hapo hapo sheria yake ikawaita wakosaji.

Sisi sheria hiyo tuliirithi. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945, ambayo bado tunayo, inamhesabu malaya anayezurura hadharani kutafuta wateja kuwa mvunja sheria. Mwaka 1983 tukaongeza Sheria ya Nguvu Kazi, na katika misako ya Dar es Salaam miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo wanawake ambao hawakuweza kuonyesha cheti cha ndoa. Mwaka huo huo wa 1983, huko Kagera, waligunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini.

Kutoka hapo mwanamke huyu akapata jina jipya. Wataalamu wakamwita kundi hatarishi. Kuanzia mwaka 1985 watafiti wa Nairobi na wenzao wa Kanada walifungua kliniki kwa ajili ya wanawake wa Majengo, Pumwani, na kazi yao ilikuwa kubwa: waligundua kwamba wapo wachache wasioambukizwa virusi vya UKIMWI hata baada ya miaka mingi ya kukutana navyo. Damu ya wanawake hao ikajulikana dunia nzima. Lakini tujiulize: ni nani aliyeuliza habari za watoto wao?

Hapo ndipo kosa letu la kihistoria lilipo. Tumezoea kumpima mwanamke huyu kama chanzo cha ugonjwa, na kinga tunayompa ni kwa ajili ya mteja wake. Tunampa kondomu, ambayo ni jambo jema. Lakini naye ana mwenziwe wa nyumbani, mwanaume anayempenda, na kwa huyo kondomu mara nyingi haitumiki. Mimba nyingine ni ajali ya kazi, na kwa hizo anahitaji sindano, kijiti au kitanzi kama mwanamke mwingine yeyote. Nyingine anaitaka mwenyewe kwa moyo wake wote.

Jambo hilo lilionekana wazi katika utafiti uliofanywa kwa jirani zetu Iringa na kuchapishwa mwaka 2015. Wanawake wanaofanya biashara hiyo walieleza kwamba wengine wao walitafuta mimba kwa makusudi, kwa sababu mtoto humpa mwanamke heshima, humwondolea aibu ya kuitwa tasa, na huimarisha uhusiano na mwanaume. Walipopata mimba walikwenda kliniki. Ila walificha kazi yao, kwa hiyo mhudumu hakujua la kuwashauri. Na wapo walionyimwa huduma kabisa kwa kuwa walifika bila mume.

Ndugu msomaji, hapa tusimame kidogo. Nia ya kumwita mume kliniki ilikuwa njema, wote wawili wapimwe na washauriwe pamoja. Lakini nia njema ikageuzwa kuwa komeo la mlango. Mama asiye na mume anaambiwa akalete barua kwa mtendaji, na huko aeleze mbele ya watu kwa nini yuko peke yake. Wengi watafanya nini? Watarudi nyumbani.

Na gharama ya kurudi nyumbani inajulikana. Utafiti wa Mwanza uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya wajawazito wenye kaswende kali ambayo haikutibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Waliopimwa na kupewa dozi moja ya sindano ya penisilini walijifungua kama wasiokuwa na ugonjwa. Kisonono nacho humpofusha mtoto mchanga, na kinga yake ni dawa ya kupaka machoni mara anapozaliwa. Virusi vya UKIMWI, bila dawa, huweza kuwafikia watoto 15 hadi 45 katika kila 100 wanaozaliwa na mama mwenye navyo. Kwa dawa, idadi hushuka chini ya watano. Tangu mwaka 2013 utaratibu wa nchi yetu ni kumwanzishia mjamzito mwenye virusi dawa za maisha. Dawa zote hizi zipo upande wa pili wa mlango ule ule wenye komeo.

Wapo watakaosema kwamba kumhudumia mwanamke huyu ni kuubariki uzinzi. Tuwaheshimu, lakini tuwajibu. Wazee wetu walisema kitanda hakizai haramu, na hawakusema hivyo kwa kupenda zinaa. Walijua kwamba mtoto hakuchagua kitanda. Tena mteja wa Kivukoni ana kwake. Ugonjwa usiotibiwa kwa huyu utapanda lori na kumfikia mke aliyetulia nyumbani, ambaye naye huenda ni mjamzito.

Ifakara ni mji unaojua utafiti. Tangu Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alipofungua maabara yake pale mwaka 1957, mbu wa bonde hili ameandikwa mpaka tabia yake ya kula na kulala. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ina kliniki ya magonjwa sugu tangu mwaka 2005. Maarifa hayakosekani. Kinachotakiwa ni kwamba dirisha la UKIMWI liulize pia habari za uzazi, kwamba dirisha la wajawazito lipokee mama aliyekuja peke yake bila barua ya mtendaji, na kwamba mhudumu aulizapo kazi ya mtu, aulize ili kutibu.

Daraja la Kilombero linapitisha kila mtu bila kumwuliza cheti cha ndoa. Kliniki ya mama na mtoto nayo ifanye vivyo hivyo.