Pumu, UVIKO-19 na Kipato cha Kila Siku: Maelezo kwa Wakazi wa Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini mwa Dar es Salaam

Pumu ni ugonjwa sugu usioambukiza ambao husababisha njia za hewa kuvimba na kubana, hivyo mgonjwa hupata kikohozi, kubanwa kifua na mlio kama wa filimbi anapotoa pumzi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 262 walikuwa wakiishi na ugonjwa huo mwaka 2019, na watu 455,000 walifariki dunia kutokana nao mwaka huohuo. Miezi michache baadaye dunia ilikumbwa na ugonjwa mwingine unaoshambulia mfumo wa upumuaji, na tarehe 16 Machi, 2020 Serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini.

Kwa wenye pumu wanaoishi kati ya Kunduchi, Bunju, Mapinga na mji wa Bagamoyo, tangazo hilo lilileta hofu mbili kwa wakati mmoja: hofu ya pumzi na hofu ya mkate. Tanzania haikuzuia wananchi kutoka majumbani mwao kwenda kazini, na soko la samaki la Bagamoyo halikukosa watu. Lakini fedha ilipungua. Idadi ya watalii wa kimataifa walioingia nchini ilishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, na mji unaotegemea wageni wa Mji Mkongwe, magofu ya Kaole na vinyago vya mpingo uliona tofauti hiyo mapema. Mwenye pumu alibaki na swali ambalo jirani yake hakuwa nalo: aende kwenye mkusanyiko na moshi apate riziki, au abaki nyumbani bila fedha ya dawa?

Ushahidi uliokusanywa tangu wakati huo unatoa jibu lenye nafuu kuliko ilivyodhaniwa. Mtu ambaye pumu yake imedhibitiwa vizuri hakuonekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa UVIKO-19 kuliko watu wengine. Hatari iliongezeka kwa wale ambao pumu yao haikudhibitiwa, hususan waliokuwa wamehitaji vidonge vya steroidi muda mfupi kabla ya kuugua. Kwa hiyo kinga ya kwanza ya mgonjwa wa pumu dhidi ya mlipuko wowote wa ugonjwa wa upumuaji ni kudhibiti pumu yenyewe. Barakoa na maji tiririka yenye sabuni ni muhimu, lakini havichukui nafasi ya dawa.

Hapa ndipo suala la kipato linapoingia. Dawa za pumu za kuvuta, ambazo wengi huziita pampu au inhela, ni za aina mbili. Moja hutuliza shambulio, na inayofahamika zaidi ni salbutamol. Nyingine huzuia uvimbe wa njia za hewa na hutumika kila siku hata mgonjwa anapojisikia mzima, mfano wake ukiwa beclomethasone. Fedha inapopungua, wengi huacha ile ya kila siku na kubaki na ile ya dharura, kwa kuwa matokeo yake huonekana papo hapo. Ni uamuzi unaoeleweka, na ni uamuzi wa hatari. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu haupendekezi tena mtu mzima au kijana kutegemea salbutamol peke yake, kwa sababu hutuliza dalili huku uvimbe ukiendelea. Katika kipindi cha UVIKO-19 ilizuka pia dhana kwamba dawa ya kuzuia, kwa kuwa ina steroidi, hudhoofisha mwili mbele ya virusi. Wataalamu walishauri kinyume chake: mgonjwa asiache dawa hiyo bila kuelekezwa na daktari. Anayeshindwa kuimudu anapaswa kumweleza mtoa huduma ukweli huo waziwazi, ili apangiwe tiba anayoweza kuendelea nayo.

Dawa nyingi pia hupotea kwa kuvutwa vibaya. Hubaki mdomoni na kooni badala ya kufika mapafuni. Kifaa cha kuunganisha inhela na mdomo husaidia sana, na si lazima kiwe cha dukani. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 ulionesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa chini na kubanwa inhela pasipo kuvuja, iliwasaidia watoto waliopatwa na shambulio la pumu sawasawa na kifaa cha kawaida. Muuguzi anaweza kumfundisha mzazi kuitengeneza. Wakati wa mlipuko njia hii ina faida ya ziada, kwani mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke inaweza kusambaza virusi hewani.

Mazingira ya kazi katika ukanda huu yana vichochezi vyake. Wakaanga samaki hukaa saa nyingi juu ya moshi wa kuni, na wachonga vinyago huvuta vumbi la mbao; vumbi la mpingo na la mninga linafahamika kuathiri upumuaji. Masika huleta unyevu na ukungu katika kuta za nyumba. Kujifukiza, kulikoenea sana mwaka 2020 na 2021, nako kunahitaji tahadhari: mvuke wa moto na harufu kali ya majani vinaweza kubana kifua cha mwenye pumu, mbali na hatari ya kuungua. Vivyo hivyo dawa ya klorini ya kusafishia sakafu. Mwenye pumu amwachie mtu mwingine kazi hiyo, na madirisha yafunguliwe.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa kuwasilisha cheti cha daktari. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa kawaida hanufaiki, lakini kibarua wa msimu anayerudi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja katika mwaka, na ambaye vipindi vyake kwa jumla vinazidi miezi sita, anahesabika. Wengi katika hoteli hawakijui kifungu hiki.

Mkaanga samaki hana mwajiri wa kumpa likizo. Njia iliyo karibu naye ni kupunguza moshi bila kuacha kazi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kikundi cha wanawake kinaweza kuomba jiko na mtaji kupitia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Chanjo ya UVIKO-19 ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai, 2021, na wenye magonjwa sugu walikuwa miongoni mwa makundi ya kwanza. WHO iliondoa hali ya dharura ya dunia tarehe 5 Mei, 2023, lakini virusi havijatoweka. Homa pamoja na kupoteza harufu au ladha si dalili za pumu. Mwenye dalili hizo apimwe. Aliyetumia inhela ya dharura asipate nafuu, au akaihitaji tena kabla ya kupita muda wa saa 4, afikishwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Maelezo zaidi hutolewa bila malipo na Wizara ya Afya kwa kupiga simu namba 199.