Gari binafsi na utunzaji wa mazingira (Afrika Mashariki)

Kumiliki gari kwa kutunza mazingira ni kupunguza madhara yake tangu linaponunuliwa hadi linapokuwa chakavu. Katika Afrika Mashariki jambo hili linahusu zaidi magari yaliyokwisha kutumika, ambayo mengi hutoka Japani na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Sheria ya namna hiyo huchuja magari bandarini tu. Baada ya hapo usafi wa gari umo mikononi mwa mwenyewe na fundi wake.

Madhara makubwa hutokana na mafuta. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za kaboni dioksaidi, na lita ya dizeli takribani kilo 2.7. Gesi huwa nzito kuliko mafuta yaliyoitoa kwa sababu kaboni hushikana na oksijeni ya hewani. Hakuna kifaa cha kwenye eksozi kinachoizuia, kwa hiyo njia ni kuchoma mafuta machache: injini ndogo, matairi yenye upepo wa kutosha, na kuliacha gari nyumbani pale basi linapofika.

Moshi wenye sumu ni suala jingine, na ndipo penye uharibifu mwingi unaoweza kuepukika. Magari ya petroli kutoka Japani huja na kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi hukiita masega. Kuta za vijitundu vyake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, metali zinazosaidia kaboni monoksaidi, mvuke wa petroli isiyoungua na oksaidi za nitrojeni kugeuka kuwa kaboni dioksaidi, maji na nitrojeni. Masega hufanya kazi vizuri yakishapata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana vijisafari vya dukani, injini ikiwa baridi, huchafua hewa kupita urefu wake.

Kwa kuwa metali hizo ni za thamani, masega hutolewa na kuuzwa, mara nyingi mwenye gari akiwa ameambiwa kwamba yameziba na kwamba gari litakuwa jepesi. Huo ni ushauri mbaya. Masega yaliyoziba kwa kawaida ni dalili tu: injini inakula oili, au plagi zimechoka na petroli isiyoungua inafika kwenye eksozi na kuyeyusha vijitundu. Yakitolewa bila chanzo kutibiwa, ubovu unabaki palepale, na sumu inawatokea moja kwa moja watembea kwa miguu, watoto wa shule wakiwa karibu zaidi na bomba.

Kifaa hiki kinahitaji mafuta safi. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli hukiharibu kabisa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuiondoa katika mkutano wa Dakar mwaka 2001, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeiacha. Salfa nayo hudhoofisha vifaa vya kusafisha moshi, na mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni.

Risasi imebaki kwenye betri. Huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu wakazi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwenye gari anapaswa kujua betri yake kuukuu inakwenda wapi. Bei nzuri ya mnunuzi wa vyuma chakavu si jibu. Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni wala kupakwa kwenye mbao kuzuia mchwa, kwani hubeba metali nzito zinazofika ardhini na majini.

Gesi ya kiyoyozi husahaulika. Kilo moja ya gesi hiyo ya aina ya R134a hupasha dunia joto kama zaidi ya kilo 1,300 za kaboni dioksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Fundi anayejaza gesi kila msimu bila kutafuta panapovuja anaimwaga hewani.

Nchini Tanzania baadhi ya magari yamefungwa mitungi ya gesi asilia, ambayo hutoa kaboni pungufu kwa takribani robo ikilinganishwa na petroli, mradi isivuje. Magari ya umeme yana faida kubwa zaidi nchini Kenya, ambako umeme mwingi hutokana na jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2024 ilizuia kuingizwa kwa magari binafsi ya petroli na dizeli. Anayenunua gari la umeme lililotumika apime kwanza afya ya betri. Nissan Leaf za matoleo ya zamani, kwa mfano, hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, na joto la pwani huichosha haraka.