Hela ya Kibirizi, samaki wa Mswidi

Alfajiri katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya Kigoma mjini, mama mwenye beseni la dagaa anataka hela. Mteja wake aliyeshuka kutoka Burundi anafungua kitambaa chenye amahera. Aliyevuka kutoka Kalemie anahesabu falanga, na huyo deni lake la neno tumwachie Mbelgiji. Wawili wa kwanza wanatamka jina la sarafu ya Mjerumani, Heller, ambayo nayo ilipewa jina la Hall, mji wa Wajerumani ulioifua zamani.

Kuanzia 1904 rupia moja ya koloni la Wajerumani hapa ilivunjwa kwa hela 100. Reli ilifika Kigoma 1914. Wabelgiji walipouteka mji huu katikati ya 1916, Wajerumani walikuwa Tabora wakifua hela za shaba kwenye karakana ya reli, kwa kuwa za kutoka kwao hazikuweza kupita tena. Sarafu zile leo ni za makumbusho. Neno bado linanunua dagaa.

Lugha za jamii ya Kijerumani zenyewe zimepita njia hiyohiyo. Kiswidi na Kijerumani ni ndugu, ila Kiswidi ni cha tawi la kaskazini, pamoja na Kidenmaki na Kinorwe, na Kijerumani ni cha tawi la magharibi, pamoja na Kiingereza. Katika zama za kati wafanyabiashara wa Hansa, Wajerumani wa pwani, walijaa Stockholm na Visby kama Waswahili wa misafara walivyojaa Ujiji. Mswidi akawaachia nafasi mdomoni: kulipa akaita betala, dirisha fönster, fundi cherehani skräddare, yote kutoka kwa wageni wale. Soko halina uzalendo.

Lakini maneno ya sokoni hayathibitishi undugu, yanaonyesha nani alipita. Undugu husikika kwenye sauti. Mwaka 1822 Jacob Grimm alionyesha kwamba penye p ya Kilatini, jamii hii ina f: samaki, piscis kwa Kilatini, ni fisk kwa Mswidi na Fisch kwa Mjerumani. Tazama na mwisho wa maneno hayo mawili: sk ya Mswidi, kwa Mjerumani ni sh. Ndiyo maana schola ya Kilatini, iliyoingia kwa wote kama mgeni, kwa Mswidi ni skola na kwa Mjerumani Schule. Mtoto wa Ujiji anakwenda shule na wa Unguja anakwenda skuli. Huyu alipewa neno na Mwingereza, yule na Mjerumani, na ile sh ya Ujiji ilizaliwa Ulaya karne nyingi kabla ya darasa la kwanza kufunguliwa hapa.

Wajerumani walikuja na masikio hayohayo huku. Edmund Dahl, mmisionari wa Moravian huko Unyamwezi, aligundua kwamba k hulainika kuwa g ikifuatiwa na silabi yenye sauti kavu kama k, t au p. Carl Meinhof akaitangaza 1903 kwa jina la sheria ya Dahl. Huhitaji kwenda Tabora kuisikia. Mrundi na Muha husema gukora kwa kufanya kazi, lakini kugenda kwa kwenda, maana g ya silabi ya pili tayari ni laini. Hakuna aliyewafundisha, ukisema kukora watakuelewa, ila watajua umetoka kwingine.

Pale mwaloni mgeni naye kavishwa nguo ya mwenyeji. Kirundi hupendelea r penye l ya Kiswahili, kwa hiyo hela imekuwa amahera na shule imekuwa ishure. Mama wa dagaa hajali. Amekwisha kupokea, anazikunja noti na kuzifunga kwenye pindo la kanga.