Milimita 67 Kati ya Lubumbashi na Mashariki

Kituo cha reli cha Lubumbashi, huko Katanga, ni zao la safari iliyotoka kusini. Reli ya Rhodesia ilivuka mpaka wa Kongo pale Sakania mwaka 1909, na mwaka uliofuata treni ya kwanza ikaingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mji uliokuwa ndiyo kwanza unachorwa. Pamoja na makaa ya mawe ya Wankie, ilikuja na kipimo chake: milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, upana ulioanzia Cape Town.

Kaskazini-mashariki, Wabelgiji wenyewe walikuwa wakijenga kwa kipimo kingine. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, ilitandika reli za mita moja: Stanleyville hadi Ponthierville mwaka 1906, Kindu hadi Kongolo 1911, Kabalo hadi Albertville, Kalemie ya leo, 1915. Kazi yake ilikuwa kukwepa maporomoko ya mto Lualaba na kufika ziwani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wajerumani walikuwa wamefika Kigoma mwaka 1914, nao kwa mita moja.

Tofauti ya milimita 67 haifiki upana wa kiganja, lakini behewa haliwezi kuivuka. Reli ya Katanga ilipofika Bukama mwaka 1918, mzigo wa kwenda Dar es Salaam ulishuka kwenye treni ukapanda meli ya Lualaba, Kabalo ukapanda treni nyembamba, Kalemie ukapanda meli tena, na Kigoma ukarudi kwenye treni. Kila mahali walihitajika wachukuzi, ghala na subira.

Magharibi mambo yalikuwa mepesi zaidi. Njia ya Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, ilikamilika mwaka 1928, na ya Benguela, kutoka Angola, ikaunganishwa na Katanga mwaka 1931, zote kwa milimita 1,067. Mashariki ilisubiri hadi 1955, reli ya Kindu hadi Kalemie ilipopanuliwa. Mwaka 1956 kipande cha Kamina hadi Kabalo kikaiunganisha na Katanga. Kipande cha Stanleyville, kisichogusana na kingine, kiliachwa na mita yake.

Nguvu ya kipimo hutokana na idadi ya waliokwisha kukifuata.

Hata hivyo, kufanana kwa reli hakukuzuia vita vya Angola kuifunga njia ya Benguela mwaka 1975. Shaba ya Katanga ikalazimika kutegemea zaidi njia za kusini. Madini ya Kongo yalirudi kwenye reli hiyo mwaka 2018.

Sasa Tanzania inajenga reli ya milimita 1,435, na tangu 2024 treni zake za abiria zinakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma. Mpango ni kufika Kigoma na Burundi. Ikivuka kuingia Kongo, Katanga italazimika kuamua upya: kupanua reli zake, au kurudia kupakua na kupakia.